Theluthi Iliyobaki



Katika Kiswahili chetu, mtu aliyeumizwa sana na maneno au matendo ya mwenzake husema amekatwa maini. Mimi nilimwona ndugu yangu akikatwa ini kwa kisu cha kweli, akaamka. Kisha, wiki chache baadaye, nilimwona akilikaribia kaburi kwa sababu ya mzigo ambao mimi mwenyewe niliutia mikononi mwake. Padri mlezi wa vijana aliponiomba niandike tafakari ya mwezi huu, nilikubali kwa sharti moja nililojiwekea: nisiifiche sehemu yangu.

Sisi ni watoto wa Mabanga. Kwa Kilingala mabanga ni mawe, na atembeaye mtaani kwetu hahitaji kuelezwa zaidi. Nyumba zetu za mbao zimesimama juu ya mawe meusi yaliyomwagwa na mlima, na mama zetu wamepanda maua na mboga katika udongo uliobebwa kwa magunia kutoka mahali pengine. Baba yetu alifariki wakati kaka yangu mkubwa, ambaye sisi sote twamwita Yaya, alikuwa na umri wa miaka kumi na minane. Tangu siku ya matanga, Yaya akawa baba. Alifungua stoo ndogo ya maharagwe na unga karibu na soko la Virunga. Akalipa karo ya wadogo zake, kisha karo ya watoto wa wadogo zake. Katika shirika letu la mtaa alikuwa mwenyekiti. Katika kwaya alikuwa mwalimu wa sauti ya besi. Mgonjwa akihitaji kupelekwa hospitalini usiku, mlango uliogongwa ulikuwa wake. Hakuna aliyeketi na kuamua kwamba iwe hivyo. Ilikuwa hivyo tu, na sisi tulidhani ni utaratibu wa Mungu.

Mwaka 2022 Yaya alianza kulalamika maumivu chini ya mbavu za kulia. Alikonda. Chakula kilimchosha kabla hajashiba. Tulisema ni vidonda vya tumbo, akanywa dawa za vidonda vya tumbo. Mwishowe alipimwa kwa eko, halafu kwa skana, na madaktari wakaona uvimbe mkubwa katika upande wa kulia wa ini. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba alikuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, pengine tangu utotoni, bila kujua. Virusi hivyo hukaa kimya kwa miaka mingi, na mtu huendelea kubeba magunia na kuimba besi. Daktari alituuliza pia kama kwetu hula karanga na mahindi yaliyoota ukungu. Tulitazamana. Nani kati yetu hajawahi kuuchambua mfuko wa karanga, akatupa zilizooza sana na kukaanga zilizooza kidogo? Ukungu ule huacha sumu, iitwayo sumu kuvu, ambayo haiishi kwa kukaangwa. Na mtu mwenye virusi vya B akiila sumu hiyo mwaka baada ya mwaka, hatari ya saratani ya ini huzidi mara nyingi.

Hapa nitulie kidogo, kwa kuwa baadhi yenu mnajiandaa kwa ndoa au kazi. Homa ya ini aina ya B hupimwa kwa tone la damu. Ina chanjo, nayo humsaidia zaidi mtoto inapoanza mara tu azaliwapo. Mwenye virusi anaweza kupewa dawa za kuvizuia. Huambukizwa kwa damu, kwa tendo la ndoa, na kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaliwa. Haiambukizwi kwa kusalimiana wala kwa kula sahani moja. Aliye nayo si mwenye laana. Mpimwe, na mwenzenu akikutwa nayo msimtenge.

Yaya angeweza kukatwa, walisema, kwa sababu uvimbe ulikuwa upande mmoja na sehemu iliyobaki ilikuwa bado laini, haijajaa makovu. Kazi hiyo haikuweza kufanyika hapa kwetu. Tuliuza kiwanja. Shirika likapitisha mchango, na wajane wakaleta noti zilizokunjwa mara nne. Tukampeleka katika hospitali moja ng'ambo ya mpaka, ambayo sitaitaja.

Jioni ya kuamkia siku ya upasuaji, daktari mpasuaji alituita, mama na mimi. Alikuwa mtu mpole mwenye Kiswahili cha taratibu. Aligeuza karatasi ya vipimo, akachora ini upande wa nyuma, na maneno aliyotuambia ndiyo ninayotaka kuwagawia.

Ini la mtu mzima, alisema, lina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Ni dogo mbele ya mwili mzima, lakini karibu robo ya damu yote inayosukumwa na moyo kila dakika hupita humo, yaani kama lita moja na nusu. Nayo huingia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni ateri, mshipa unaotoka moyoni ukiwa na damu nyekundu iliyojaa hewa safi ya oksijeni. Hiyo huleta robo tu ya damu ya ini. Mlango wa pili ni mshipa mnene unaokusanya damu kutoka tumboni, utumboni na katika wengu. Waganga wa kale waliuita kwa Kilatini mshipa wa lango. Huo huleta robo tatu. Damu ya langoni imekwisha kutumika njiani, oksijeni yake imepungua. Lakini imebeba chakula chote tulichokula, pamoja na kila uchafu ulioponyoka humo. Lolote linalofyonzwa na utumbo kuingia katika damu hii lazima kwanza lisimame mbele ya ini. Huko hukaguliwa. Kinachofaa hupokewa, chenye sumu huvunjwa.

Mama akasema, “Kumbe ni kama bariyeri.”

“Ndiyo, mama,” akajibu daktari, “ni kama mpakani kabisa.”

Siku hizi, ninapokumbuka jibu hilo, namfikiria Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, kijana wa mji wetu wa Goma, aliyekuwa na kazi ya kukagua bidhaa mpakani. Alikataa kupokea rushwa ili chakula kilichoharibika kipite na kuliwa na watu wetu. Kwa ajili ya hilo aliuawa mwezi wa Julai 2007, akiwa na miaka 26, na tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, mjini Roma. Alisimama langoni kwa niaba ya matumbo ya maskini. Sijui kama aliwahi kusikia habari za sumu kuvu, lakini aliilinda milango ya watu wengi kwa mwili wake mmoja.

Turudi kwa daktari. Alipiga mstari katika mchoro wake. “Upande huu wa kulia tutauondoa wote,” alisema. “Ni kama theluthi mbili. Theluthi moja itabaki.” Mama alishika shavu. Daktari akaendelea: ini lina zawadi ambayo viungo vingine vikubwa havina. Likikatwa, hukua tena. Mwaka 1931 watafiti wawili, Higgins na Anderson, walikata theluthi mbili za ini la panya, na baada ya majuma machache wakakuta uzito wake umerudi karibu kama wa kwanza. Kwa mwanadamu pia huwa hivyo, ingawa kwa taratibu zaidi. “Lakini msikilize vizuri,” alisema. “Sehemu iliyokatwa haioti tena. Ile iliyobaki ndiyo inayonenepa mpaka itoshe kazi ya zote mbili. Umbo la zamani halirudi.”

Kisha akaeleza hatari. Atakapoufunga mshipa unaokwenda kulia, damu ya langoni haitapungua, kwa kuwa tumbo na utumbo ni vilevile. Damu ileile iliyokuwa ikitawanyika katika ini zima sasa itajisukuma yote katika theluthi moja. Kila kipande cha ini kilichobaki kitapokea karibu mara tatu ya damu kilichozoea. Na hapo, alisema, ndipo penye muujiza na ndipo penye kifo. Msukumo ule wa damu, ukikwaruza kuta za vijishipa vidogo, ni moja ya ishara zinazoziamsha seli za ini: ondokeni, ongezekeni, ndugu zenu hawapo tena. Pasipo nyongeza hiyo, ini hukua kwa uvivu. Lakini nyongeza ikipita kiasi, vijishipa hupasuka na kuvimba, seli hufa badala ya kuzaana, macho huwa manjano, tumbo hujaa maji, na mgonjwa aliyeamka vizuri siku ya kwanza huweza kufa wiki ya tatu.

Niliielewa mara moja, kwa sababu nilikuwa nimeiishi. Mnaikumbuka Mei 2021. Nyiragongo ilitapika tarehe 22 usiku, na asubuhi ya tarehe 27 ikatolewa amri kwamba mitaa kumi ya mji ihame, Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini zikiwemo. Watu wa njia zote, waliozoea kupita kila mmoja kwa uchochoro wake, walimiminika katika barabara moja ya Sake. Wengi wetu tuliokoka kwa barabara hiyo. Lakini mnakumbuka pia ilivyokuwa: magari yaliyokwama, wazee waliobebwa kwa chukudu, watoto waliopotezana na mama zao katika msongamano. Barabara ile haikuwa mbaya. Ilikuwa moja tu.

Upasuaji ulianza asubuhi, ukaisha alasiri. Baadaye daktari alinisimulia kwamba wakati wa kukata huibana milango yote miwili ya ini kwa dakika kama 15, kisha huiachia kidogo ili ini lipumue, kisha hubana tena, damu isimwagike nyingi. Njia hiyo ya kubana ilielezwa mwaka 1908 na mpasuaji James Hogarth Pringle wa Glasgow, kule Scotland, alipokuwa akishughulikia majeruhi waliopasuka maini. Nilishangaa kwamba hata kiungo kinachookolewa huweza kunyimwa pumzi kwa muda, mradi mwenye kukibana ahesabu dakika.

Yaya aliamka. Siku ya tatu aliketi. Siku ya nane alitembea hadi dirishani. Siku ya kumi na sita tulirudi naye Mabanga, na shirika zima likaja kuimba uani. Daktari alikuwa ametupa masharti machache: apimwe uzito kila asubuhi, asile chumvi nyingi, asinywe dawa yoyote bila kuuliza, asifanye kazi, na arudi kuonwa baada ya siku kumi. Uzito ukipanda ghafla au macho yakibadilika, asingoje siku hizo; aje mara moja.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Yaya alipokuwa hospitalini, stoo ilikuwa mikononi mwangu. Niliwakopesha watu magunia tisa ya maharagwe kwa sababu walinisifu, na mimi nilipenda kusifiwa kama yeye. Hawakulipa. Mwenye mali alikuwa akidai. Siku ya nne tangu Yaya arudi, nilimletea daftari kitandani. Nilisema, “Yaya, nisaidie tu kuwaita hawa watu, wewe wanakuheshimu.” Sikuwa peke yangu. Dada yetu alileta habari ya karo. Shirika lilileta ugomvi wa familia mbili. Mwanakwaya alikuja kuuliza ni nani ataongoza besi siku ya Pasaka. Tulikuwa tumesikia kwamba ini hukua tena, nasi tukasema moyoni: basi amepona. Zawadi ya Mungu tuliifanya kuwa ruhusa.

Yaya hakukataa. Hajui kukataa. Aliamka akavaa koti juu ya kovu lake, akaenda kwa wadeni mmoja mmoja, akiketi nyumba hii na ile. Kila nyumba ilimkaribisha kwa sambaza za chumvi na ugali, maana ni aibu kumwacha mgonjwa aliyekuja kwako aondoke bila kula. Mizani tuliyoinunua ilikaa chini ya kitanda. Siku ya kumi ilipofika, siku ya kwenda kuonwa, alisema, “Nimalizie kwanza huyu wa mwisho, mdogo wangu amepata shida.” Mdogo wake ni mimi. Nilisikia, nikanyamaza. Nilikuwa nimekwisha kuona kwamba suruali haimfungi tena kiunoni, nikajiambia ananenepa.

Siku ya kumi na nne mama alimtazama machoni kwenye mwanga wa mlangoni, akapiga ukelele.

Tulirudi naye hospitalini. Tumbo lilikuwa limejaa maji. Daktari yuleyule alimpitishia kifaa cha eko, safari hii akiwasha sauti, ili asikilize mwendo wa damu. Kutoka katika mshipa wa lango ilitoka sauti nzito ya mfululizo, kama upepo unaopita juu ya mabati. Akasogeza kifaa, akatafuta ateri. Ilikuwa vigumu kuipata. Ilipopatikana, ilikuwa pigo fupi, jembamba, la mbali.

Nikamwuliza kwa nini hiyo imedhoofika. Alinieleza jambo ambalo tangu siku hiyo sijaacha kulitafakari. Milango ile miwili ya ini husikilizana. Damu ya langoni ikipungua, ateri hujipanua ili kujaza pengo. Lakini damu ya langoni ikizidi, ateri hujibana. Kwa hiyo ini lililoelemewa na kazi, wakati uleule linapohitaji oksijeni kuliko siku zote, hupokea kidogo zaidi damu ya moja kwa moja kutoka moyoni.

Nilimwuliza kama ni daftari langu lililoujaza tumbo wa ndugu yangu. Hakunidanganya, wala hakunihukumu. “Hapana, ndugu yangu,” alisema. “Msukumo wa damu katika kipande kidogo cha ini ndio uliojaza maji, na huenda ungefanya hivyo hata kama angelala tu. Lakini angekuja siku ya kwanza uzito ulipopanda, na bila chumvi ile, ningemkuta mahali pengine kabisa.” Nilitoka nje, nikaketi kwenye ngazi za hospitali. Nilijua nani aliyeila siku ile ya kwanza.

Walimtoa maji kwa sindano. Walimpa dawa za kupunguza maji mwilini, wakamkataza chumvi kabisa, wakazuia wageni. Daktari alituambia kwamba msukumo ukikataa kushuka, kuna njia ya kuufunga mshipa unaopeleka damu kwenye wengu, ili damu inayofika langoni ipungue kabla haijafika. Hakuna dawa, alisema, ya kulikaripia ini lifanye bidii zaidi. Lililobaki ni kulipunguzia damu linayopelekewa na kulipa muda. Kwa Yaya haikufikia hapo. Siku ya tisa macho yalianza kung'aa weupe.

Katika siku zile za kungoja nilisoma sura ya 18 ya kitabu cha Kutoka. Mnaijua habari yake. Yethro anamwona mkwewe Musa akiketi toka asubuhi hadi jioni, taifa zima limesimama mbele yake, kila neno linapita kwake. Musa anaona hiyo ni huduma. Mzee yule anaona ni uharibifu, wa Musa na wa watu pia, nao watachoka pamoja naye. Anamshauri achague wengine, wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Nilikuwa nimesikia somo hilo mara nyingi nikalidhani ni habari za uongozi. Sasa nililisoma kama mwenye kusimama katika ule umati. Hakuna hata mmoja aliyemwonea Musa kwa makusudi. Kila mmoja alikuwa na neno moja tu la kumwuliza.

Nilisoma pia Waraka kwa Wagalatia, sura ya 6, ambamo Mtume Paulo anatuambia katika aya ya 2 tuchukuliane mizigo, na katika aya ya 5 kwamba kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Zamani niliona aya hizo zinapingana. Sasa naona ni ini lililenifundisha kuzisoma. Upo mzigo unaomkuza mtu; ukimwondolea wote, hataamka kamwe. Kijana asiyewahi kukabidhiwa kitu hubaki mtoto. Na upo mzigo unaopita kiasi cha kilichobaki ndani ya mtu, na huo ukimwachia peke yake umemwua, hata kama kila siku unamwombea rozari. Upendo hauna budi kupima. Mama yetu, ambaye hakusoma, alinunua mizani; sisi tuliosoma tuliisukuma chini ya kitanda.

Na kuhusu ule mlango wa pili, ateri ya pumzi, naifikiria Injili ya Luka, sura ya 5. Habari za Yesu zilienea, makundi yakazidi kumjia wasikie na kuponywa. Na Mwinjili anasema papo hapo kwamba yeye alikuwa akijitenga mahali pa upweke kuomba. Sisi kazi zikizidi twafanya kinyume: sala ndiyo ya kwanza kupunguzwa, kisha usingizi, kisha kuketi na mama jioni. Ateri hujibana yenyewe. Haihitaji dhambi kubwa. Bwana wetu aliujua msongamano wa watu kuliko Musa, na aliulinda mlango ule kwa kuondoka, ingawa wagonjwa walikuwa bado wapo kwenye foleni.

Yaya aliporudi mara ya pili, hakuna aliyeimba uani. Tuliketi watoto sita wa baba mmoja, mama akiwa katikati, na tukagawana. Dada alichukua karo za watoto wawili. Wengine wakachukua za watatu. Shirika likachagua mwenyekiti mwingine na makamu wawili. Mimi nilichukua daftari. Nilikwenda kwa wadeni mwenyewe, nao hawakuniheshimu, na nilirudi mara nyingi mikono mitupu. Magunia manne sikuyapata kamwe, nikayalipa kwa mwaka mmoja na nusu kutoka mfukoni mwangu. Nilimwendea Yaya, nikamwambia yote, pamoja na ile suruali. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, “Mdogo wangu, mimi pia nilipenda kuwa yule ambaye kila kitu kinapita kwake.” Hatujalizungumza tena, na sote tulikwenda kuungama.

Miezi mitatu baada ya upasuaji, skana ilionyesha kwamba ile theluthi ilikuwa karibu mara mbili ya ukubwa wake wa kwanza. Haina umbo la ini lililo katika vitabu. Imenenepa upande wa kushoto na kuliacha pengo la kulia, kama mji wetu ulivyojengwa upya baada ya volkano ya Januari 2002: barabara hazipo pale zilipokuwa, Kanisa Kuu la zamani lilizikwa chini ya mawe, lakini watu wanaishi, wanabatiza, wanaoza binti zao. Yaya yupo hai. Anameza dawa yake ya virusi kila siku, na kila miezi michache anarudi kupimwa, kwa kuwa ugonjwa ule huweza kurudi. Anaimba besi katika safu ya nyuma. Kijana mmoja wenu ndiye anayeongoza.

Naandika haya kwenu kwa sababu tangu vita vilipoingia mjini mwezi wa Januari 2025, makundi yetu mengi yamekatwa. Wengine wamekufa, wengine wamekimbilia mbali, wengine hawaji tena. Lakini maskini hawakupungua, wagonjwa hawakupungua, watoto wa katekesi hawakupungua. Mahitaji yaleyale yanajisukuma katika wachache waliobaki. Katika kila kundi yupo msichana mmoja au kijana mmoja ambaye kila kitu kinapita kwake, naye anatabasamu, na sisi twasema, “Huyo Mungu amempa neema.” Neema anayo. Mtazameni pia macho yake kwenye mwanga wa mlangoni.

Maswali ya kushirikishana katika kundi

1. Katika familia yako au kundi lako, ni nani ambaye mambo yote hupita kwake? Ni lini mara ya mwisho ulimwuliza hali yake bila kumwomba kitu?

2. Ni mzigo gani uliowahi kukabidhiwa ukakukuza? Ni mzigo gani wako umeusukuma kwa mwingine?

3. Kazi zinapokuzidi, ni kitu gani hupunguza kwanza: simu, mazungumzo, usingizi au sala?

Tendo la mwezi: kila kundi liandike kazi zake zote kwenye karatasi moja, na jina la mwenye kazi mbele ya kila moja. Jina moja likijitokeza zaidi ya mara mbili, msiondoke kabla hamjagawana.

Tuombe. Ee Bwana, uliyeanguka chini ya msalaba ukakubali Simoni wa Kirene akusaidie kuubeba, utufundishe kupima mizigo tunayowatwika wenzetu. Uwape nguvu waliobaki, uwarehemu walioondoka, na ukilinde ndani yetu kile kidogo kilichosalia, mpaka kikue kadiri ya mapenzi yako. Amina.